Geji Tatu za Upande Wangu

Mwezi uliopita tulienda Muthara kumzika Fundi Gitonga, na aliyenibeba ni mjukuu wangu Mutwiri. Alinipitia hapa Runyenjes ninapoishi, na gari ndogo nyeusi iliyo chini sana, hata kuingia nilishikwa mkono kama mgonjwa. Gari ina turbo, na kuna kijana fulani Nairobi ameiongezea nguvu na kompyuta. Haya niliambiwa kwa majivuno kabla hata sijafunga mshipi. Mimi nilikuwa natafuta geji. Nikaona ya spidi, nikaona ya petroli, basi. Nikamuuliza, "Oili inasomwa wapi?" Akacheka. "Shosho, oili ikiwa na shida taa itawaka." Nikamwambia taa ya oili ikiwaka injini tayari inakufa, na kama hana geji nyingine anirudishe kwangu nikapande basi. Hapo ndipo alikubali kwamba geji zote ziko kwa simu yake, ila hazifungui kwa sababu zinamaliza chaji. Nikamwambia azifungue. Kutoka Runyenjes hadi Muthara nilishika ile simu kwa magoti nikimsomea, na kijana hakufurahi, lakini alifika akiwa mzima. Watu wa kwangu husema mimi ni mwoga wa gari. Ni kweli, na sioni aibu. Huo uoga niliupata mwaka mmoja tu, mwaka niliokaa Makutano, na nusu yake nilifunzwa na huyo Gitonga tuliyemfukia. Sasa hayupo wa kunisahihisha. Nitasema vile ninavyokumbuka.

Makutano ya Meru wakati huo haikuwa na nyumba hizi za vioo. Tulikodi chumba nyuma ya posho mill, mimi na mume wangu Kaimenyi, na mtoto wetu wa kwanza Nkatha tulikuwa tumemwacha kwa mama mkwe huko Muthara. Kuta zilikuwa za mbao, na unga wa mahindi uliingia kwenye nyufa ukakaa juu ya kila kitu, juu ya blanketi, juu ya sufuria, hadi nywele zangu zilikuwa za bibi kizee nikiwa bado msichana. Upande wa pili wa ukuta kulikuwa na hoteli ya chai ambapo madereva wa miraa walikaa asubuhi wakingoja mzigo. Nilikuwa nikikoroga uji, nasikia yote. Hawakuwa wanasema mengi. Walikuwa wanataja mtu, halafu mahali alipopata ajali. "Mwenda?" "Thuci." "Amebaki?" "Miguu tu." Halafu mtu anaitisha mandazi. Mimi nilikuwa na mume mmoja, naye alikuwa dereva wa miraa, ndiye aliyekuwa anakimbia kuliko wote. Kila asubuhi nilipokuwa nikisikiliza ule ukuta, nilikuwa nangoja siku jina litakuwa Kaimenyi. Sikuogopa umaskini mwaka ule, na tulikuwa maskini. Niliogopa kitu kimoja: kulala katika chumba kile kama mjane.

Gari haikuwa yetu. Ilikuwa pikapu ya dizeli ya mzee mmoja wa Muthara, M'Ikiara, mfanyabiashara wa miraa. Mtu ambaye hajui miraa aelewe hivi: ni majani ya kutafuna, inachumwa asubuhi, inafungwa na majani ya ndizi, na ikikaa inakauka na kukosa maana. Kwa hivyo anayefika Nairobi wa kwanza ndiye mwenye soko. M'Ikiara alitaka kuwa wa kwanza kila siku. Alimpelekea Gitonga ile pikapu, na Gitonga akaifungia turbo ya lori, akafungua pampu imwage dizeli zaidi kuliko wenye kuitengeneza walivyotaka. Siku aliyoijaribu barabara ya Maua, Kaimenyi alirudi akiwa na uso nisioujua. Alikuwa anacheka peke yake. Mimi sikupenda ule uso.

Lakini Gitonga alikuwa mwoga kama mimi, ndiyo sababu nilimpenda. Alikataa kutoa gari kabla ya kuweka geji. Upande wa dereva hakukuwa na nafasi, hivyo akazipanga tatu kwenye dashibodi, mbele ya abiria, zikiangalia kiti cha kushoto. Kaimenyi akauliza atazionaje. Gitonga akamjibu akifuta mikono, "Wewe huna kazi ya kuziona. Kwa mwendo wako, ukiinamisha macho kusoma geji, utasoma na kaburi. Tafuta mtu akae hapa akusomee. Asiwe mtu wa kutafuna." Kwa sababu anayetafuna miraa haoni hatari, anaona vizuri sana kila kitu isipokuwa hiyo. Vijana wote wa M'Ikiara walikuwa wanatafuna. Kaimenyi akanitazama. Mimi nilikuwa nimewaletea chai tu.

Basi nikafunzwa, nimesimama kando ya bonneti, darasa la nne langu lote likinisaidia. "Mama Nkatha, hii ya kwanza ni upepo," Gitonga aliniambia. "Ni ule turbo inasukuma ndani ya injini. Akikanyaga, mshale upande hadi hapa, usipite. Ukipita, kuna kitu kimekwama, mwambie atoe mguu. Akikanyaga na mshale ukatae kupanda, mpira umepasuka. Hii ya pili ni joto la moshi, vile unatoka kwa injini. Hii ndiyo ya milima. Mzigo ukiwa mzito, mshale utapanda, na ukifika hapa, piston zinaanza kuyeyuka kama mafuta ya kupikia, na yeye hatasikia chochote. Atasikia gari inavuta vizuri tu." Nikamuuliza kuhusu ile ya maji, ile ya kiwandani. "Iangalie, lakini usiiamini. Maji ni mzee, hupata habari mwisho." Halafu akagusa ya tatu na kidole. "Hii ni presha ya oili. Zile zingine zikisema vibaya, mwambie apunguze. Hii ikianguka mkiwa mwendo, usiseme apunguze. Sema asimame." Akachukua rangi ya kucha ya bibi yake, nyekundu, akachora alama kwenye kioo cha kila geji. Akanirudisha nyuma, akaniuliza tena, na nilipokosea akaniambia nirudie kama katekisimu.

Kulikuwa na jambo lingine. Mimi ni Muembu, nilizaliwa huku Runyenjes, na kwetu hatuna mambo mengi na miraa. Lakini huko Tigania, upande wa Muthara, mwanamke hapandi mti wa miraa, wala hachumi, na wazee hawapendi hata akaribie wakati wa kufunga. Wanasema inakauka. Sasa mwanamke akae ndani ya gari ya miraa, mbele, kama mwenye mali? Kaimenyi hakumwambia M'Ikiara. Alikuwa anapakia Muthara, anateremka peke yake, mimi napanda Makutano nyuma ya posho mill nikiwa nimefunga leso kichwani. Vijana wa kupakua walijua, na hawakuninyamazia. "Muembu, leo umekausha ngapi?" "Mwacheni, huyo ndiye dereva, Kaimenyi anazungusha tu usukani." Mmoja alikuwa akipiga saluti nikipita. Niliwajibu nikiona inafaa. Nilimwambia yule wa saluti kwamba meno yake yamekuwa ya kijani na mke atampata kwa mbuzi. Walicheka, lakini hakuna aliyeniripoti, kwa sababu gari ilikuwa inafika, na wao walikula kwa kufika kwake.

Nilikuwa ninaenda hadi Embu mjini, milima inapoisha. Nashuka kwa dada yangu, Kaimenyi anaendelea Nairobi, na akirudi ananichukua. Njia yote kazi yangu ilikuwa maneno matatu. Upepo sawa. Moshi unapanda. Oili sawa. Nilisema kama mtu anayesali rozari, bila kunyamaza, kwa sababu nikinyamaza yeye angedhani yote ni sawa. Na aliposikia "moshi, moshi umefika" alikuwa anatoa mguu, haraka, bila ubishi, hata kama kuna gari nyingine ya miraa inampita ikipiga honi. Hilo nalisema kwa heshima yake. Nimeishi na kuona wanaume wengi ambao wakiambiwa na mke wao kwamba nyumba inaungua wangeomba kwanza kuona majivu. Lakini usifikiri kwamba kusikilizwa kulinitoa uoga. Uliongezeka. Abiria mwingine angeweza kulala. Mimi nilijua kila dakika umbali uliobaki kati ya mshale na ile rangi nyekundu, na ilikuwa kama nimeshika uzi unaomning'iniza mume wangu. Mikono ilikuwa inatoka jasho hadi nikaacha kuvaa pete.

Shida ilianza na kusimama. Gitonga alikuwa amesema injini ya turbo ikitoka kupanda mlima haizimwi hapo hapo. Turbo bado inazunguka, bado ina moto, na oili ndiyo inayoipoza. Ukizima, oili inasimama, inaungua ndani, na vyuma vinajikwaruza. Iachwe inguruma polepole mpaka mshale wa moshi ushuke chini ya alama. Jambo dogo, mtoto anaweza kulifanya. Lakini tulikuwa tunasimama Chuka na Runyenjes kuwaachia wauzaji vifurushi vyao, na watu wa miraa wana imani moja ambayo sijaisikia kwa watu wa kabeji wala wa mkaa: gari ya mzigo ikisimama lazima inyamaze, kwa sababu miraa inashika moshi. Wanasema jani linakunywa dizeli, na mnunuzi atainusa. Hivyo gari ikigusa tu kando ya barabara, muuzaji anapiga bodi. "Zima! Unatuharibia." Mimi kutoka ndani nasema, "Bado." Nje wanasema, "Zima." Kaimenyi katikati. Siku nyingine alinisikiliza mimi, akasogeza gari mbele kidogo ili moshi uende na upepo. Siku nyingine, wauzaji wakiwa wengi na wakali, alizima. Nikaona mkono wake ukienda kwa ufunguo na nikahisi kama ananizima mimi.

Mvua za masika zilipokuwa zinaisha, mishale ilianza kubadilika. Hakuna kilichopiga kelele. Upepo ulikuwa unachelewa kufika kwenye alama yake, ukifika unatetemeka. Oili, injini ikiwa moto na gari imesimama, ilikuwa inalala chini kidogo kuliko jana, na jana ilikuwa chini kuliko juzi. Na nyuma yetu asubuhi, tukiwasha, kulikuwa na moshi wa bluu. Nilimwambia Kaimenyi, tukaenda kwa Gitonga. Akatoa mpira wa turbo, akaingiza kidole, kikatoka cheusi chenye oili. Akashika ile feni ndogo ndani akaitikisa, ikacheza kama jino la mtoto. Halafu akasema, "Inaanza kunywa oili. Kaimenyi, unajua dizeli haihitaji cheche za stima kuwaka. Siku hii turbo ikikatika, itamwaga oili ndani ya injini, na injini itaila kama dizeli. Utatoa mguu, itaendelea. Utazima ufunguo, itaendelea. Itakimbia hadi ipasuke." Kaimenyi akajaribu kucheka. Gitonga hakucheka naye. "Ikitokea, usikanyage klachi. Ukiikanyaga umeiachilia. Weka gia ya juu kabisa, kanyaga breki zote, ninyonge hivyo hadi ife." Alisema ninyonge, kana kwamba yeye ndiye injini. Nilikumbuka kila neno.

M'Ikiara aliambiwa. Akasema gari inakimbia, kitu kinachokimbia hakiumwi. Akasema pia kwamba amesikia gari yake inakawia Runyenjes, injini ikinguruma juu ya mzigo wake, na kwamba kesho atapanda mwenyewe aone. Usiku huo sikulala, na Kaimenyi naye hakulala, nilijua kwa vile alivyokuwa anapumua. Nikamwambia tuache, turudi shamba. Akasema, "Tukiacha hii, nitapewa gari ya nani?" Mwanamke mwingine angekaa nyumbani kesho yake, mzee mwenyewe akiwa ndani ya gari. Mimi nilisimama nyuma ya posho mill kama kawaida. Kaimenyi akasimamisha. M'Ikiara akanitazama kutoka dirishani, kofia yake ya manyoya kichwani.

"Huyu ni nani?"

"Ni Mama Nkatha. Ndiye anasoma geji."

"Tangu lini?"

"Tangu turbo."

Mzee akatema majani nje. Nilifikiri atanifukuza. Lakini kulikuwa na mwaka mzima wa kufika wa kwanza, na alijua kuhesabu. Akafungua mlango, akateremka ili nikae katikati, kama mtoto, yeye dirishani. "Basi ikikauka leo," akasema, "nitajua ni nani." Hakuniambia neno lingine hadi Runyenjes. Mimi nilikuwa nimebanwa kati ya magoti ya wanaume wawili, nimeinamia geji, nikisema maneno yangu matatu kwa sauti ndogo. Moshi ulikuwa juu tangu Thuci. Tulipofika Runyenjes mshale ulikuwa karibu kugusa rangi.

"Zima," M'Ikiara akasema, hata kabla gari haijasimama vizuri.

"Mzee, bado," nikasema. "Acha ishuke."

"Kaimenyi, nani ameandikwa kazi hapa?"

Mume wangu alinitazama. Nilimwona akipima, na nilijua anapima nini: chumba chetu, unga wa mtoto, gari itakayoendeshwa na mwingine. Akazima. Kutoka chini ya bonneti nikasikia kitu kikilia kidogo, kama kuku aliyekanyagwa, halafu hakuna. Wakateremsha vifurushi. Tukawasha. Nyuma yetu kukawa na wingu la bluu hadi muuzaji mmoja akafunika mdomo na fulana.

Kutoka hapo barabara inapanda kidogo, halafu inateremka ghafla hadi daraja la mto, na ng'ambo kuna mlima. Tulipofika kileleni nikaona mshale wa upepo umevuka alama. "Upepo," nikasema. "Toa mguu."

"Nimetoa."

Mshale ukapanda tena. "Baba Nkatha, toa mguu."

"Nimetoa, mguu hauko."

Nikaangalia chini. Ni kweli, mguu ulikuwa hewani. Na injini ilikuwa inapandisha sauti yenyewe, juu, juu, kama mtu anayeitwa na pepo. Nyuma hakukuwa na barabara tena, kulikuwa na moshi mweupe mtupu. Mshale wa oili ukaanguka. Sikuhitaji kusema asimame.

"Zima!" M'Ikiara akasema.

"Nimezima, Mzee." Ufunguo ulikuwa mkononi mwa Kaimenyi. Alikuwa ameutoa kabisa.

Tukaanza kuteremka. Chini, ng'ambo ya daraja, lori la majani chai lilikuwa linapanda polepole katikati ya barabara. Nikaona mguu wa kushoto wa Kaimenyi ukienda kwa klachi, kwa mazoea tu, vile kila dereva anafanya akitaka kusimama, na nikampiga goti kwa ngumi kwa nguvu zangu zote. "Usikanyage! Gia ya juu! Breki!" Akaisukuma gia kwa lazima bila klachi, ikalia, ikaingia. Akasimama juu ya breki kwa miguu yote miwili, mgongo umenyooka, kichwa kikigusa paa. Harufu ya breki ikaingia. Mzee ameshika dashibodi, mikono yake imefunika geji ya upepo, na nikamsikia akiniuliza kwa sauti ya mtu mwingine, "Mama, inasema nini? Inasema nini?" Nikamtoa mkono. Upepo ulikuwa unaanza kushuka. "Inashuka," nikasema. "Shikilia. Inashuka. Shikilia." Tukapita daraja. Mlima ukatushika. Injini ikakohoa, ikapiga kama nyundo, ikafa, na gari ikaanza kurudi nyuma mpaka handbreki ilipouma. M'Ikiara aliruka nje, na huyo mzee, mwenye kofia ya manyoya, ndiye aliyebeba jiwe akaweka nyuma ya gurudumu.

Tulikaa kando ya barabara. Injini ilikuwa inadondosha oili nyeusi kwenye lami. Baada ya kitambo gari nyingine ya M'Ikiara ikafika, pikapu ya kawaida, mzigo wake nusu, na dereva kijana ambaye alikuwa ameanza kazi juzi. Wakahamisha magunia. M'Ikiara alikuwa amepata sauti yake tena. "Kaimenyi, wewe endesha hii. Huyu kijana hatafika na mwanga. Wewe unajua kukimbia."

Kaimenyi akaenda upande wa dereva. Mimi nilibaki nimesimama kando ya gari iliyokufa. Nilidhani hapo ndipo nitaachwa, niiangalie hadi mtu atumwe, nikisikiliza kila gari inayopita. Mlango wa kushoto ukafunguliwa kutoka ndani.

"Mama Nkatha. Ingia."

"Hii haina geji," M'Ikiara akasema. "Anaingia kusoma nini?"

"Anaingia, Mzee. Wewe kaa nyuma na kijana."

Mzee akaangalia mzigo, akaangalia jua. Akapanda nyuma juu ya magunia.

Nikaingia. Mbele yangu dashibodi ilikuwa tupu, plastiki tu na vumbi. Mwaka mzima macho yangu yalikuwa kwenye mishale mitatu, na sasa hayakuwa na pa kwenda, yakaenda nje. Sikuwa nimejua barabara ile ni nyembamba hivyo. Sikuwa nimejua tunapita karibu na ukingo namna ile, migomba inayomea chini kabisa ya magurudumu, watoto wanaotembea kwenye mchanga na mabuku kichwani. Nikaelewa vile tulikuwa tumeishi. Kaimenyi alikuwa ameshakanyaga. Hakukuwa na mshale wa kunitetea, hakukuwa na rangi nyekundu ya kumwonyesha. Nikasema, "Punguza."

M'Ikiara akagonga paa juu ya vichwa vyetu, twende, twende. Akagonga tena.

Baba Nkatha akatoa mguu, akaingiza gia ya pili, na tukaenda hivyo hadi Embu, magari yote ya miraa yakitupita.